Nani Alitufundisha Kuchagua Chakula?

Ndugu msomaji, siku ukipata nafasi kaa kwenye benchi la mama ntilie mnamo saa saba mchana, wakati wafanyakazi wa viwandani na maofisini wanapomiminika kutafuta cha kutia tumboni, kisha usikilize mazungumzo yao. Utadhani umeingia katika mkutano wa wataalamu wa mapishi. Huyu anauliza kama ugali ni wa sembe au wa dona, na akijibiwa kuwa ni wa dona anainuka kimyakimya na kuhamia kwa mama wa pili. Yule anataka wali, lakini usiwe wa mchele uliotoka nje ya nchi. Wa tatu anawakataa dagaa kwa sababu, asema yeye, dagaa wa namna ile hulishwa kuku. Wa nne, ambaye ametoka bara mwaka jana tu, anaitazama sufuria ya supu ya pweza kama mtu aliyekanyaga nyoka. Wote wanne wana njaa, wote wanne wanahesabu siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi, na hata hivyo kila mmoja anazungumza juu ya chakula kana kwamba alizaliwa na orodha yake mkononi.

Hakuna aliyezaliwa nayo. Mtoto mchanga anajua maziwa ya mama yake, basi. Mengine yote, ya kupenda na ya kukataa, hufundishwa akiwa amekaa mkekani, akitazama nani anakula nini na nani anakunja uso. Leo nataka tuulize mafunzo hayo yalitoka wapi, na ada yake analipa nani. Maana ada ipo, na aghalabu anayeilipa ni yule mdogo kuliko wote pale mezani.

Nimewasikia wazee wengi wakisimulia habari za unga wa njano, na sijamsikia hata mmoja aliyeusimulia kwa uso mkunjufu. Ukame wa mwaka 1973 na 1974, katika miaka ileile ambayo mamilioni ya wananchi walikuwa wakihamia vijiji vipya, uliyaacha maghala ya taifa matupu. Serikali ikalazimika kutumia fedha za kigeni ilizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi, kuagiza nafaka kutoka ng'ambo; na humo yalikuwamo mahindi ya njano ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shida ikarudi tena. Wananchi waliokuwa wamezoea kupanga foleni ya sukari, ya sabuni na ya mafuta ya kupikia, sasa wakapanga foleni ya unga ambao, ukishasongwa, ulitoa ugali wa rangi ya kiini cha yai. Mji haukukawia kuupa jina. Ukaitwa unga wa Yanga, kwa ajili ya rangi ya jezi za klabu ile ya Jangwani, na mashabiki wa Simba wakapata sababu ya pili ya kuulaumu.

Yaliyosemwa juu ya unga ule yalikuwa mengi. Ilisemwa kuwa ni chakula cha mifugo. Ilisemwa kuwa unanuka. Ilisemwa kuwa unavuruga tumbo na kwamba hauna nguvu, hivyo mtu anaweza kumaliza sahani nzima na bado asiweze kubeba gunia. Tusiwacheke wazee wetu, kwa kuwa baadhi ya maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba huko Marekani sehemu kubwa ya mahindi ya njano hulishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Ni kweli pia kwamba mahindi yaliyokaa ghalani miezi, kisha yakavuka bahari katika tumbo la meli, kisha yakasubiri tena bandarini, huanza kuchacha, maana mafuta yaliyomo katika kiini cha punje huharibika. Mtu akila ugali wa mahindi ya namna hiyo, bila mboga ya kutosha kwa kuwa mboga nayo ni adimu, ana haki ya kunung'unika.

Lakini lile neno la kwamba haukuwa na nguvu halikuwa kweli. Hindi la njano hulingana na hindi jeupe katika kutia mwili nguvu, na juu ya hapo lina kitu ambacho jeupe halina. Ile rangi yenyewe iliyochekwa mtaani ni karotini, ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ndiyo inayolinda macho yasiingie kiza cha usiku na ndiyo inayomsaidia mtoto kushindana na surua na kuhara. Sisemi kwamba mahindi ya njano yana vitamini hiyo kwa wingi kama karoti au mchicha. Nasema kwamba ilikuwamo. Leo hii, kila baada ya miezi sita, mama mwenye mtoto aliye chini ya miaka mitano hutangaziwa ampeleke kliniki akapewe matone ya vitamini A. Na wataalamu wa kilimo wanazunguka Kanda ya Ziwa na kwingineko wakiwahimiza wakulima kupanda viazi lishe, vile viazi vitamu ambavyo ukivikata ndani vina rangi ya chungwa. Rangi ileile tuliyoikimbia foleni kwa foleni sasa inatafutwa kwa semina.

Ndugu zetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo katika ukame wa mwaka 1984, walipoletewa mahindi ya njano nao wakayapokea kwa uso uleule. Na kama msomaji anadhani kwamba ni ulimi uliokataa, basi na aende kwenye maonyesho yoyote au stendi yoyote ya mabasi atazame watoto wanavyonunua bisi. Bisi zile zimetokana na mahindi ya njano. Aingie pia dukani atazame bei ya vile vipande vya mahindi vya kunywea na maziwa asubuhi, vilivyofungwa katika boksi lenye picha ya rangi. Navyo ni mahindi ya njano. Hakuna mtoto anayelia akipewa.

Basi huo weupe tunaoulilia ulitoka wapi?

Mahindi yenyewe hayakuanzia Afrika. Yalianzia Mexico, yakalimwa huko maelfu ya miaka, na yalifika katika pwani za Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, yaani kuanzia karne ya 16. Kabla ya hapo mababu zetu walisonga ugali wa mtama, wa uwele na wa ulezi, ambazo ni nafaka za bara hili hili. Hata jina la mahindi lina sauti ya ng'ambo. Na yalipofika yalikuwa ya rangi nyingi: meupe, ya njano, mekundu, ya zambarau, na mengine yenye madoadoa kama kanga. Mkulima alipanda aliyonayo na kula aliyovuna.

Mwanzoni mwa karne ya 20 masetla wa Kenya na wa nchi za kusini mwa Afrika walianza kulima mahindi ya kuuza Uingereza. Wenye viwanda vya wanga kule Uingereza walipenda mahindi meupe na kuyalipa bei nzuri zaidi. Gunia lililochanganya rangi lilishushwa daraja. Masetla wakatafuta mbegu nyeupe. Mojawapo, iitwayo Hickory King, ilitoka Marekani ikapitia Afrika Kusini, na baadaye kutokana nayo na nyingine ikapatikana mbegu iliyoenea nyanda za juu za Kenya kwa jina la Kenya Flat White. Mkulima Mwafrika hakuwa mjinga. Aliona soko linalipa nini naye akapanda meupe. Wakati huohuo manamba wa mashamba ya mkonge, na vibarua wa reli na wa migodi, walikuwa wakipimiwa posho ya unga wa mahindi. Mtu alitoka kwao akila mtama au ndizi, akafanya kazi miaka miwili, akarudi na tumbo lililozoea ugali wa mahindi, pamoja na fikira kwamba ndicho chakula cha mtu mwenye kazi. Kwa muda wa vizazi viwili au vitatu tu, matakwa ya wenye viwanda vya wanga yamekuwa asili yetu, na ugali wa njano umekuwa mgeni katika nyumba ambayo nao uliwahi kuishi.

Nimeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu ya unga mwingine, ambao haukutoka Marekani wala haukupanda meli, na bado tunautendea vilevile. Nao ni dona.

Kila anayekwenda mashine anaijua tofauti, lakini si vibaya kuikumbusha. Mahindi ya dona husagwa yalivyo. Mahindi ya sembe kwanza hukobolewa: ganda huondolewa, na pamoja na ganda hutoka kile kiini cha chini ya punje ambamo mna mafuta, na sehemu ya protini, na vitamini nyingi za jamii ya B, na madini ya chuma. Kinachobaki ni wanga mweupe wa kupendeza. Katika gunia la mahindi, karibu robo yake na pengine zaidi huondoka kwa jina la pumba. Na pumba zile hatuzitupi. Huchukuliwa na mfugaji, naye huwapa kuku na ng'ombe wake, ambao hunenepa vizuri sana. Kisha tunarudi sokoni kumnunua kuku yule kwa bei ya kuumiza ili mtoto apate protini.

Sembe ilipata heshima yake mjini kwa njia inayoeleweka. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sembe iliyosagwa na shirika la taifa la usagishaji, NMC, iliuzwa mjini kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku ya serikali, mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984. Mfanyakazi wa mjini akaizoea. Aliyekwenda kijijini kuwasalimu wazazi na kurudi akilalamikia dona alikuwa anajulisha watu kwamba yeye sasa ni mtu wa mjini. Kwa upande mwingine dona ilipata sifa mbaya mahali pasipo na uhusiano wowote na ladha. Ilipikwa katika mapipa ya shule za bweni, jeshini na magerezani, ikaliwa na maharage yenye wageni wadogo weusi, siku saba kwa juma. Waliopita huko waliapa kwamba wakipata mshahara wao wenyewe hawataigusa tena, na wengi wameshika kiapo chao mpaka leo, wakawaachia na watoto wao. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2015 hajawahi kuliona pipa la bweni, lakini akiona ugali una vidoa vya hudhurungi anausukuma pembeni, kwa kuwa amemwona baba akifanya hivyo.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameshika kalamu kuniambia kwamba dona ina hatari ya sumukuvu. Ana haki, tena haki kubwa. Mwaka 2016 wananchi wenzetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, itokanayo na ukungu unaoota katika nafaka isiyokauka vizuri. Sumu hiyo haifi kwa kupikwa, na kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa katika ganda na kiini, kukoboa huipunguza. Lakini kupunguza si kuondoa, na mahindi yaliyooza hayawi mazuri kwa kukobolewa. Anayenunua mahindi yake mwenyewe na ayamwage kwenye ungo, achague punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, azitupe mbali, wala asiwape kuku. Ayaweke pakavu, juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta. Anayenunua unga uliokwisha sagwa hawezi kuona kilichosagwa, kwa hiyo ni afadhali anunue mahindi na kwenda mashine mwenyewe, jambo ambalo bibi zetu wangelishangaa kuambiwa kuwa ni ushauri wa kitaalamu.

Serikali nayo iliona hasara ya kukoboa, na kwa kanuni za mwaka 2011 wenye viwanda vya unga wa ngano na wa mahindi walitakiwa kuongeza katika unga wao madini ya chuma na zinki, pamoja na foliki na vitamini B12. Ni jambo jema kwa anayenunua unga wa kiwanda kikubwa. Lakini sehemu kubwa ya mahindi tunayokula husagwa katika mashine ndogo za mitaani, ambako hakuna anayeongeza chochote isipokuwa vumbi. Kwa hiyo kuna familia ambazo hutoa virutubisho kwa kinu na hazivirudishi kwa njia yoyote.

Mambo yameanza kugeuka, na yanavyogeuka yanachekesha kidogo. Ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika nyumba za wenye uwezo, daktari amesema sembe ipunguzwe, na sasa unga wa dona, wa mtama na wa ulezi unauzwa katika maduka makubwa ukiwa umefungwa katika mifuko mizuri, kwa bei inayozidi ya sembe. Ulaya yalitokea hayohayo kwa mkate. Kwa karne nyingi tajiri alikula mkate mweupe na maskini akala mweusi. Leo mweusi unakaa kwenye rafu ya wenye fedha. Nisingejali sana kama isingekuwa hofu yangu kwamba dona itapanda cheo na bei kwa wakati mmoja, na mfanyakazi wa kima cha chini ataanza kuitamani siku ile ambayo hataweza kuinunua.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Waulize watu wa Mwanza, Musoma na Bukoba juu ya sangara.

Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya kutisha, akiwala furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao watu wa ziwa waliwapenda na kuwakausha juani. Mwanzoni wananchi hawakumtaka. Ana mafuta mengi mno, walisema, hakauki juani, harufu yake si ya samaki wetu. Mpe sato au mpe furu. Wavuvi waliuza sangara kwa bei ya kutupa. Kisha vikaja viwanda, minofu ikaanza kupakiwa katika ndege kwenda Ulaya, na bei ikapanda mpaka mvuvi mwenyewe akawa hamudu kumla samaki aliyemvua. Wananchi ambao sasa walikuwa wamejifunza kumpenda wakabakiwa na vichwa na mifupa, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mapanki. Filamu moja ya mtengenezaji wa Austria, Hubert Sauper, iliyotolewa mwaka 2004, ikayaonyesha mapanki hayo kwa ulimwengu, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani kwa kulipaka taifa matope. Ugomvi ule ulikuwa wa wakubwa na sitauingilia. Ninachokitazama mimi ni kwamba katika muda usiotimia miaka ishirini samaki mmoja, katika maji yaleyale, alitoka kuwa takataka akawa anasa. Nyama yake haikubadilika hata kidogo.

Mifano ni mingi na nitaipitia upesi. Dagaa wa Kigoma ni zawadi ya kumpelekea mkwe, dagaa wa Mwanza anasingiziwa ukuku, na wote wawili huliwa na mifupa yao, ambayo ndiyo chokaa ya meno ya mtoto. Mhogo, katika mikoa fulani, ni jina jingine la njaa. Hapa pwani, ukiutia nazi mwezi wa Ramadhani, wageni hawaondoki. Watu wa kusini wanaokula panya wa porini wametaniwa mpaka wakazoea, ingawa panya yule anakula nafaka safi kuliko kuku wa mtaani, na ndugu yake panya buku amepata ajira ya heshima pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambako hufundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na ugonjwa wa kifua kikuu. Kuna wafugaji ambao kwao samaki alikuwa nyoka wa majini. Vijana wao wakaenda shule za bweni au Jeshi la Kujenga Taifa, wakala kilichopakuliwa kwa kuwa hapakuwa na kingine, na leo wananunua sato kwa fedha zao. Pweza je? Mwangalie mtu wetu wa bara baada ya miaka miwili ya kukaa Dar es Salaam. Mmoja wa rafiki zake atakuwa amemnong'oneza habari za supu ile na nguvu za kiume, naye jioni atakuwa amesimama pale kwenye sinia, kikombe mkononi, akidai kiongezwe pilipili.

Hayo ni ya kucheka. Lakini kuna vyakula ambavyo havikukataliwa na ulimi wa mtu mwenyewe. Vilikataliwa kwa niaba yake.

Katika Buhaya senene ni kitoweo cha fahari. Kwa desturi akina mama ndio waliokwenda kuwakusanya kabla umande haujakauka, ndio waliowanyonyoa mbawa na miguu, ndio waliowakaanga. Na desturi hiyohiyo iliwakataza kuwala. Senene walikuwa wa akina baba. Siku hizi mwiko huo umevunjika, na stendi ya Bukoba utawakuta akina mama wakiwauza huku wakiwatafuna. Katika makabila kadhaa mjamzito alikatazwa mayai, kwa maelezo kwamba mtoto atazaliwa hana nywele. Na mtoto mdogo alinyimwa mayai asije akakua mwizi. Sijui nchi ambayo wezi wake walilelewa kwa mayai. Najua kwamba mjamzito ndiye mtu anayehitaji yai kuliko wote waliomo katika nyumba ile, na mtoto wa miaka miwili ndiye wa pili. Ukitazama vizuri utaona kwamba kila chakula kilichokatazwa mama na mtoto kilikuwa kitamu na adimu. Hakuna kabila lililomkataza mjamzito ugali mkavu.

Mwaka 1975 vikundi vya wananchi nchi nzima vilikaa kuzunguka redio, katika kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai, kujifunza habari za lishe na kuzijadili. Miaka miwili kabla yake ilikuwapo Mtu ni Afya, na mwaka huohuo wa 1973 iliundwa taasisi ya taifa ya chakula na lishe. Tangu hapo kliniki zetu zimefundisha bila kuchoka, na ni mama wachache wa mjini leo watakaokuambia kwamba yai huondoa nywele. Lakini sahani hazikubadilika kwa kasi ya masomo. Mwiko umekwisha kusahauliwa, mgawo umebaki palepale. Baba hupakuliwa kwanza, vipande vikubwa, watoto hufuata, mama hula kilichobaki sufuriani, akiwa amesimama, na akiulizwa husema ameshiba kwa harufu. Tena wapo akina mama wenyewe wanaoulinda mgawo huo kuliko waume zao, na mkwe akiwapo ndio kabisa.

Basi kwa ndugu anayetaka kuanza, ninao ushauri wa jikoni tu. Usiibadilishe nyumba nzima kwa siku moja, maana utaanzisha vita. Changanya dona kwa sembe, kikombe kimoja kwa vitatu, na kila wiki ongeza kidogo. Dona inataka maji zaidi na muda zaidi motoni kuliko sembe. Ugali mwingi wa dona unaolaumiwa kwa ukali haukuiva. Uji wa mtoto uwe wa kwanza kubadilishwa, kwa kuwa mtoto wa miezi minane bado hajaambiwa na mtu kwamba dona ni ya bwenini. Dagaa na wasagwe watiwe humo humo. Na baba akae mkekani siku hiyo, ale ugali uleule mbele ya watoto na auzuie uso wake, hata kama utamgharimu glasi mbili za maji.

Leo ni Jumapili, na katika nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu pengine kuna kuku jikoni. Atakapopakuliwa, itazameni firigisi inakwenda katika sahani ya nani.